Pipa Lisilochotwa

Siku ya kumzika Fundi, kule kijijini Kate, watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu. Ilipofika zamu ya wafanyakazi wake nikasukumwa mbele, maana mfanyakazi wake nilikuwa mimi peke yangu. Nikasema, "Fundi alikuwa mtu wa maji," nikarudi kukaa. Wakadhani nimezidiwa na majonzi. Sikuzidiwa. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na mengine hayafai kusemwa mbele ya jeneza.

Nayaandika hapa. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, naandika kama ninavyoongea, na naandika kwa jicho moja, basi mstari ukipinda mnivumilie.

Waliohusika wote nitawataja. Kastori, shemeji yake Fundi. Mzee Nestori, mwenye nyumba. Sabina, muuza mafuta ya kula, jirani yetu. Na mimi Gaudensia, nimo humo humo. Yeye tu nitamwita Fundi, kama mtaa wetu wote wa Majengo ulivyomwita. Jina lake la ubatizo linasomwa kwenye misa za marehemu, sitaki kulichafua wala kulisafisha.

Kazi yetu ilikuwa kuchaji betri. Za magari, za matrekta, na zaidi za sola, zile watu wanazobeba kutoka vijijini zimefungwa kwa kamba za katani nyuma ya pikipiki. Chumba kilikuwa kimoja, kirefu, chembamba. Mbele mlango wa wateja, nyuma mlango wa kutokea uani. Betri tulizipanga sakafuni juu ya mbao, kwa safu, na nyaya zikipita katikati. Ukisimama ndani pale unasikia betri zinatokota taratibu kama maharage, na harufu inakukaba kooni. Fundi alitoboa ukuta kwa juu matundu sita ili hewa ya chaja itoke, maana hewa ile ikijaa, cheche moja tu inapasua betri. Mzee Nestori akalalamika kwamba nyumba yake inageuzwa banda la njiwa.

Ukiingia, mkono wa kulia, lilikuwepo pipa. La bluu, la lita mia mbili, lina mfuniko wa mbao, na kwenye msumari juu yake inaning'inia rozari na kata ya bati. Pipa lile halikuwa la kunywa, halikuwa la kunawa, halikuwa la kuongeza kwenye betri. Kila Jumatatu tulilimwaga, tukalisugua, tukalijaza upya. Mteja akilisogelea na kikombe Fundi alikuwa anamzuia kwa kifua.

"Maji hayo yana mwenyewe."

"Nani?"

"Mtu ambaye hajaungua bado."

Sasa, kwetu Sumbawanga mnajua kiangazi kilivyo. Mwezi wa kumi upepo unakausha mpaka midomo, bomba linakohoa siku mbili halafu linanyamaza wiki. Watu wanapanga madumu tangu alfajiri. Na pale dukani pipa limejaa, linawatazama. Sabina alikuja siku moja na ndoo.

"Fundi, nipatie ndoo moja tu, nina wageni."

"Chota."

"Kweli?"

"Chota. Halafu mwambie Gaude akuandikie pale ukutani jina la mtu tutakayemwacha aungue."

Sabina akaigeuza ndoo yake. "Baba wewe una roho ya jiwe."

"Jiwe, ndiyo. Lakini lina maji."

Mke wake mwenyewe, enzi za uhai wake, alishanyimwa. Mchungaji wa kanisa la jirani alishanyimwa. Ofisa mmoja wa manispaa aliyetaka kunawa vumbi alishanyimwa, akaapa kulifunga duka, akasahau. Mimi nilikuwa najivunia ule ukali. Nilikuwa najiona nafanya kazi mahali penye msimamo.

Rozari iliwashangaza watu, maana Fundi kanisani alikuwa haendi. Jumapili kengele inalia, watu wa Chanji wanapita na nguo safi, yeye kakaa mlangoni anavuta sigara. Katekista alimjia juu: mbona unaitundika rozari kwenye pipa kama kikoi?

"Hiyo ni saa," Fundi akamjibu.

Na kweli ilikuwa saa. Alikuwa anafundisha kila aliyenunua asidi, awe na haraka asiwe na haraka, kwamba ikikurukia hutakiwi kufikiri. Unahitaji maji. Mengi, yanayotiririka, papo hapo. Vua nguo, na ikigoma kuvuka kata kwa mkasi. Vua pete, vua saa. Kama ni jicho moja, laza kichwa ili maji yasipeleke sumu kwenye jicho la pili, na ulifungue kwa vidole hata kama mtu anapiga kelele. Usipake kitu. Na usiache kumwaga mpaka rozari nzima iishe, makumi yote matano, bila kukimbiza. Ukimaliza, nenda hospitali, na njiani endelea kumwaga.

"Watu wanaosha Salamu Maria tatu," alisema, "halafu wanaona ngozi haijabadilika, wanafurahi. Moto unakupigia kelele, unaruka. Asidi inanyamaza inakula."

Masanja, mfugaji aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake, alikuwa mteja wetu wa betri za sola. Akamwambia, "Fundi, mimi rozari siijui."

"Ng'ombe unao?"

"Wapo."

"Wakienda kisimani, tangu anywe wa kwanza mpaka anywe wa mwisho, ni muda gani?"

"Mrefu."

"Basi mwoshe mtu mpaka wa mwisho ashibe."

Masanja akacheka. "Ng'ombe wangu ni wengi, utamuua mtu kwa baridi hii ya kwenu."

"Atatetemeka. Anayetetemeka yu hai."

Alikuwa na masharti mengine, na watu waliyaona kero. Asidi haikai juu ya rafu. Ikae chini ya magoti, kwa sababu kitu kikianguka kutoka juu kinapitia usoni. Asidi haiingii kwenye chupa ya soda wala ya pombe, hata kwa dakika moja. Aliuza kwenye chombo chake mwenyewe, kidumu cheupe chenye msalaba mwekundu, na ilikuwa lazima ukirudishe. Hii ilitokana na mtu wa kijijini aliyeweka asidi kwenye chupa ya pombe, akaiweka dirishani, na mkwe wake akaja kuamkia akiwa na kiu. Fundi siye aliyeiuza. Lakini alikwenda msibani, na tangu hapo mtu akija na chupa ya soda alikuwa anaipokea, anaikanyaga, anamrudishia.

"Unaniuzia asidi au unaniuzia ugomvi?" mmoja alimuuliza.

"Ugomvi ni bure. Asidi ni kwenye kidumu changu."

Na hakuuza kwa mtu asiye na betri. Alikuja Jofrey, dereva wa bodaboda wa Chanji, huyo naye namtaja, akataka asidi kidogo tu, ya kusafishia choo.

"Betri iko wapi?"

"Si nimesema choo, mzee wangu?"

Fundi akamtazama. Mji ni mdogo, tulijua mchumba wake amemwacha na amehamia kwa mwingine. Fundi akachovya njiti, akachukua mkono wa Jofrey kirafiki kabisa, akadondosha tone moja kwenye mkono wa jaketi lake. Wakakaa wanaongea habari za mvua. Baada ya muda Fundi akavuta pale kwenye tone, kitambaa kikachanika kama karatasi iliyolowa.

"Hilo ni jaketi," alisema. "Na wewe una dada, sivyo?"

Jofrey alitoka bila kuaga. Yule binti bado yupo, ana watoto wawili, anapita sokoni na uso wake mzima. Hajui. Mimi huwa namtazama mpaka anaona aibu, anadhani namwonea wivu. Pengine namwonea.

Basi huyo ndiye Fundi aliyesifiwa msibani. Sasa sikieni na upande wa pili.

Mtu huyo huyo alikuwa anapima asidi kwa ulimi. Kipimo cha kioo alikuwa nacho, kile chenye kitu kinachoelea ndani, lakini alisema kioo kinadanganya wakati wa baridi. Alichovya njiti, akagusa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua kwa maji ya chupa yake, akasema, "Imechoka hii," au, "Bado ina nguvu." Na hakukosea. Mimi aliniwekea miwani ya plastiki, glavu, na aproni aliyoikata kwenye tyubu ya trekta. Yeye miwani yake ilikaa kwenye paji la uso. Vidole alivitumia vitupu bila glavu, vikalainika kama sabuni iliyotumika. Walipokuja kuandikisha watu vitambulisho, mashine ilimkataa vidole vyote kumi. Yule binti wa mashine akamwambia, "Baba, futa mikono." Akafuta. "Futa tena." Fundi akamwambia, "Mwanangu, ukiendelea hivi nitabaki na viwiko." Foleni nzima ilicheka.

Kusoma hakujua. Aliniajiri mimi kwa ajili ya darasa langu la nne, niandike majina ya wenye betri.

Alikuwa na binti mmoja, Fortunata. Harusi yake ilipangwa mwezi wa kumi, Jumamosi, kanisani saa nne asubuhi. Bomba lilikuwa limekauka siku ya tisa. Ijumaa mimi nilitumwa mchana kutwa kupokea viti na masufuria nyumbani kwa Fundi, mtaa wa Chanji, halafu jioni nikaenda kusukwa. Jumamosi saa moja na nusu nikafungua duka peke yangu, maana kulikuwa na betri nne za watu wa mbali, walisema lazima waondoke nazo.

Miwani yangu ilikuwa msumarini. Sikuivaa. Mkanda wake ungeharibu nywele. Hilo ni langu, nimelikiri mbele ya kila aliyeniuliza, na nalikiri hapa.

Kastori akaja na suti yake ya harusi. Alikuwa ametumwa kunifuata nifunge duka. Akaona bado nina kazi, akasema, "Wee Gaude, tutachelewa, ngoja nikusaidie." Kuchanganya asidi kuna sharti moja ambalo Fundi alituimbia mpaka tukaliota: maji yatangulie, asidi ifuate, kidogo kidogo. Kastori alilijua. Akamimina asidi nzito kwenye ndoo, halafu akachukua chupa ya maji ya betri, akaikung'uta yote kwa mkupuo juu yake. Mimi nilikuwa nimeinama pembeni nafungua vifuniko vya betri.

Ndoo ilichemka ikatapika. Nilisikia kama mtu kanirushia uji usoni. Kisha jicho la kulia likazima.

Nilikimbilia mlango wa nyuma kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Ulikuwa na mnyororo na kufuli. Mzee Nestori aliufunga juzi yake, eti wezi wanapita uani kwake. Nikautikisa. Nikageuka, nikapita katikati ya betri kwa kupapasa, nyaya zinanikwaza, nikafika kwenye pipa. Nikatupa mfuniko, nikazamisha kichwa na mikono yote miwili.

Niligusa chini. Pipa lilikuwa tupu. Kavu, mpaka mchanga wa chini nikausikia kwenye kucha.

Kuna watu husema waliona maisha yao yote yanapita. Mimi niliona bluu. Nilikuwa nimejiinamia ndani ya pipa, sauti yangu inanirudia masikioni, na nje ya pipa nasikia viatu vya Kastori vinakimbia. Mpaka leo nikifumba hili jicho lililobaki naliona pipa kwa ndani.

Aliyenitoa mle ni Fundi. Alikuja kumtafuta Kastori, kavaa suti ya kijivu ya kuazima. Alinivuta kwa kiuno, akanitoa barabarani. Muuza maji alikuwa anapita na mkokoteni, madumu kumi na mawili ya watu. Fundi hakuuliza. Alipindua la kwanza kichwani kwangu, akanilaza kichwa upande, akalifungua jicho la kushoto kwa vidole vyake vile vilaini, akaanza, "Salamu Maria." Sabina akatoka mbio na mafuta ya kula kwenye kikombe, mwanamke mwingine na yai bichi. "Mpake, mpake apoe!" Fundi alimpiga Sabina mkononi, mafuta yakamwagika. "Ondoka na kaango lako!" Sabina nilimchukia kwa miaka, kisha nikaona alichokuwa nacho ndicho alichokileta.

Dumu la tano nilianza kutetemeka. Akasema, "Tetemeka, Gaude, tetemeka." Alikata gauni langu la kwendea harusini kwa kisu cha nyaya mbele ya watu wote na sikuona aibu. Tulikwenda hospitali kwenye bajaji, yeye bado anamwaga, dereva analalamika viti vyake. Kengele ya kanisa ililia tukiwa njiani. Fortunata alifikishwa altareni na Kastori.

Jicho la kushoto lilipona. Daktari alisema ni yale maji ya barabarani. La kulia alisema lingepona, maji yangefika mapema tu. Neno hilo, mapema tu, nimelala nalo mpaka leo.

Nilipotoka wodini nikaenda ofisi ya kata. Sikutaka fedha. Nilitaka mlango ufunguliwe, na iandikwe kwamba pipa lilikuwa tupu, ajulikane aliyelichota. Nilijua ni Kastori. Nani mwingine angethubutu? Wakaitwa wote. Mzee Nestori akasema mlango ni wake. Kastori akasema mimi ndiye niliyemwagia maji juu ya asidi. Wakamgeukia Fundi.

"Pipa lilikuwaje siku hiyo?"

Fundi alitazama mikono yake. "Lilikuwa limejaa."

"Na huyu mama alivaa miwani?"

"Hakuvaa."

La pili lilikuwa kweli, nalo likalibeba la kwanza. Wakaandika: uzembe wa mfanyakazi. Wakapiga muhuri. Karatasi hiyo ninayo.

Mtaniuliza, kwa nini nilirudi kwake? Ningekwenda wapi? Mume wangu alisema anakwenda Mpanda kutafuta kazi, akaipata, na mke pia. Nilijaribu kuuza chai sokoni, watu wakanunua kwa wenzangu kulia na kushoto. Mtu hataki kupokea kikombe kutoka mkono ulioungua, na shingo yangu ilikuwa imeanza kukaza, ngozi inavuta kidevu kwenda begani kama kamba ya mzigo. Ndipo Fundi alipokuja, akasimama mlangoni kwangu, akasema, "Majina ya wateja hayana mwandishi." Nikarudi. Chumba kile kile, mlango ule ule, mnyororo ule ule. Miaka kumi na moja.

Tulikuwa tunakaa siku nzima bila kuongea. Nikamwuliza mara moja, mwaka wa kwanza. "Fundi, kwa nini ulisema lilikuwa limejaa?" Akainuka akaenda kupima betri. Sikuuliza tena kwa mdomo, lakini kila nilipolijaza lile pipa Jumatatu nililijaza kwa kelele.

Na alikuwa na mambo yake. Ule ubao wa majina ya wateja, zamani ulikuwa mezani. Niliporudi nikaukuta ameupigilia juu kabisa ukutani, upande wa kushoto. Kila jina nilipoandika ilibidi ninyooshe shingo nigeuze kichwa mpaka machozi yanitoke. Nikamtukana moyoni: mzee huyu ananitesa. Baadaye sana, muuguzi wa kliniki ya majeraha akaniuliza, "Yule baba bado anakunyooshesha shingo? Maana alikuja hapa mara tatu kuuliza tufanyeje isigande." Leo nageuka vizuri, karibu mpaka begani. Kushoto tu.

Na lile kufuli la Mzee Nestori. Lilianza kufa. Mwezi mmoja linafanya kazi, mwezi wa pili ufunguo haugeuki, ukilivuta linakatika kama mkate. Mzee Nestori akanunua jingine. Likafa. Akaja dukani analalamika, "Kufuli za siku hizi za bandia kabisa."

"Za bandia," Fundi akamjibu, mikono mfukoni. "Na unyevu wa hapa."

Unyevu, Sumbawanga, kiangazi. Baada ya kufuli la tano akachoka, mlango ukabaki na komeo la ndani. Kwa hiyo mlango ulifunguka. Lakini mimi nilikuwa siwezi kutoka tena, nitoke niende wapi na karatasi inayosema mimi ni mzembe? Huyu mtu alikuwa anafungua kila kitu isipokuwa kile kimoja nilichomwomba.

Kidonda mdomoni kilianza kama kipele. Daktari alisema ni sigara. Mimi najua ninachokijua kuhusu ile njiti. Alifunga duka, Fortunata akamchukua kwake Kate, alikoolewa. Nikasikia maneno yamemwisha, ulimi umekatwa nusu. Nikasema, hapana. Hataondoka na neno langu.

Nilifika Kate wakati wa kuvuna ulezi. Upepo ulikuwa mkali, mashuke yanalala upande mmoja. Fundi alikuwa amekaa barazani na blanketi, shavu limefungwa kitambaa, mdogo kama mtoto wa shule. Kando ya mlango, mkono wa kulia, kulikuwa na pipa dogo la bluu lenye mfuniko. Juu yake rozari na kata.

"Shikamoo mama," Fortunata akaniamkia.

"Marahaba. Shikamoo, Fundi."

Akainua mkono. Nikatoa karatasi yangu, nikaikunjua magotini kwake, ingawa kusoma hajui.

"Hii unaijua. Nimekuja uniambie. Pipa lilikuwa tupu au lilijaa?"

"Mama Gaudensia," Fortunata akasema, "baba hawezi kuongea. Tafadhali usimchoshe."

"Kichwa anacho. Atikise."

Hakutikisa. Nikadhani ameamua kufa nalo. Kisha akajishika kwenye nguzo akasimama. Fortunata alimkimbilia, Fundi akamsukuma kwa kiwiko. Akaenda kwenye pipa, akavua rozari msumarini, akaifunga kwenye mkono wake, akafungua mfuniko. Lile pipa ambalo halichotwi. Akachota kata moja, akatembea maji yanamwagika, akamshika Fortunata mikono, akaikutanisha kama mtu anayepokea, akamimina. Akarudi, akachota ya pili, akammiminia. Ya tatu. Kisha akagonga kwa kidole pete ya ndoa ya binti yake, mara mbili. Akageuka, akaja kwangu, akaipindua kata tupu kiganjani mwangu.

Fortunata alibaki na mikono imelowa mbele yake.

"Baba," akasema. "Yale maji?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Anko Kastori aliyaleta Ijumaa jioni na mkokoteni," Fortunata akaniambia mimi, taratibu. "Nikamwuliza, kiangazi hiki ya wapi? Akasema, baba yako ametoa, usiulize. Mimi nilifurahi, mama. Hajawahi kunipa hata kikombe kwenye lile pipa. Niliyaoga yale maji. Asubuhi ya harusi, niliyaoga."

Basi. Miaka kumi na moja namlaani Kastori kwa maji aliyotumwa. Fundi hakuwa anamficha shemeji. Alitoa jicho langu moja kwa ajili ya harusi ya mtoto wake, kesho yake akaitoa harusi yenyewe kwa ajili ya jicho la pili, na hakupata kujua kipi kilikuwa na thamani zaidi.

Nikamwambia Fortunata aandike nyuma ya ile karatasi. Aliandika huku analia: Pipa lilikuwa tupu. Maji niliyatoa mimi. Gaudensia hakusema uongo. Tukapaka kidole cha Fundi wino wa kalamu, akakibandika chini kwa nguvu.

Baadaye niliipeleka ofisi ya kata. Karani mpya, kijana mwenye adabu, aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mama, hiki si kidole," akasema. "Hakina mstari hata mmoja. Hili ni doa." Nikaikunja nikaondoka nayo. Ipo kwenye Biblia, upande mmoja muhuri, upande mwingine doa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Fundi alirudi kukaa, akafumba macho, kifua kinapanda na kushuka. Hakuniomba msamaha, nami sikumpa. Nilisimama pale na kata mkononi, na macho yangu, jicho langu, likaenda kwenye pipa. Mfuniko uko chini. Limepungua kata tatu.

"Maji mnachota wapi?" nikamwuliza Fortunata.

"Mtoni kule chini. Acha mama, nitachota mimi kesho."

Nikachukua ndoo. Mteremko ule ni mrefu, na nikirudi shingo ilinivuta, nilipumzika mara mbili. Nikajaza mpaka ukingoni, nikafunika, nikaivua rozari mkononi mwa Fundi, alikuwa amesinzia, nikaitundika msumarini. Nyumba ile ilikuwa na betri ya sola ndani, chini ya dirisha, nimeiona. Na walikuwemo watu ambao hawajaungua bado.